Madam na Kengele za Hospitali

Tulimwita Madam. Hospitali ilikuwa na akina madam wengi, wa wodi, wa maabara, wa hesabu, lakini ukisema "Madam anakuja" bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa mitambo, na waliokuwa wameketi walisimama. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa majengo. Maji, stima, jenereta, lifti, mafriji, mabomba ya oksijeni, chochote kinachonguruma au kuvuja kilikuwa chake. Mimi nilikuwa mmoja wa mafundi wake katika hospitali hiyo ya kibinafsi hapa Eldoret, na nilifanya kazi chini yake hadi nikazoea sauti yake kuliko sauti ya mke wangu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mnene, asiyekimbia. Alitoka kule ziwani, na Kiswahili chake hakikuwa na sh hata moja. "Kuna sida gani hapa?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Alivaa gambuti hata siku za jua. Jenereta likikataa kuwaka alilitukana kwa Kijaluo, polepole, macho chini, kama mtu anayesali, na sisi tuliotoka Vihiga na Bungoma tulisimama kando tukingoja lisikie. Mara nyingi lilisikia.

Alituhubiria kuhusu kuchelewa, na yeye mwenyewe alichelewa karibu kila siku, ingawa aliishi mtaa wa West Indies, mwendo mfupi tu kutoka kazini. Alikuwa na kufuli nyingi kwenye mlango wake wa mbele, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi mchana kutwa. Alipika wali ukaungua, akaula ukiwa umeungua, akasema hivyo ndivyo anavyoupenda. Kanisani aliimba sauti ya pili. Kazini alikuwa akiivumisha hiyo sauti ya pili peke yake, mdomo umefumbwa, kwa hiyo tulisikia nyimbo miaka yote bila kujua ni nyimbo gani.

Lakini kama kuna kitu ambacho watu wa hospitali ile wanamkumbukia, ni kengele.

Wenye hospitali walileta programu ya kompyuta ya kuliangalia jengo. Sensa, vile vidude vya kupima joto na maji, zilifungwa kila mahali, kwenye matangi, kwenye mafriji ya dawa, kwenye jenereta, kwenye milango. Vijana wa kampuni waliofunga wakatufundisha kwa haraka, wakala chakula cha mchana, wakarudi Nairobi. Wakatuachia kila kitu kikilia. Friji ikifunguliwa, ujumbe. Lifti ikikaa sana ghorofa moja, ujumbe. Stima ikipepesa, ujumbe kwa watu wote, mafundi, walinzi, wauguzi, hata mpishi mkuu ambaye mpaka leo sijui jina lake liliingiaje. Wiki ya kwanza tulikimbia. Wiki ya pili tulitembea. Baada ya hapo kila mmoja alinyamazisha simu yake kimyakimya na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ndipo asubuhi moja tangi la juu likakauka na wodi ya akina mama wazazi ikakosa maji. Ujumbe ulikuwa umekuja kwa simu zetu zote tangu alfajiri. Tulibeba mitungi ngazini, Madam akiwa mbele na mtungi kila mkono. Hatukumsikia akivumisha wimbo wowote. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Kesho yake alituita sote ofisini, akaketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani.

"Tunaanza mwanzo," akasema. "Nitasoma moja moja. Hii ikilia, nani anasimama?"

Akasoma. Mlango wa stoo ya mashuka. Tukatazamana.

"Nani anasimama?"

"Hakuna, Madam."

"Basi inalilia nani?" Akaifuta.

Tuliendelea hivyo mpaka mchana. Nyingi alizifuta. Zile zilizobaki alizipa mambo matatu, na akatufanya tuyakariri kama watoto wa shule ya Jumapili. La kwanza lilikuwa kiwango, yaani joto au maji yakifika wapi ndipo kengele ilie. La pili lilikuwa muda wa kungoja kabla haijalia, kwa sababu friji hupanda joto kila mtu anapochukua dawa na hiyo si shida. Muda huo aliuita subira. La tatu lilikuwa mtu. Si idara, si "mafundi". Mtu mwenye jina na simu, na mwingine wa kupigiwa akikosa kupatikana wa kwanza.

Hiyo subira ilimletea ugomvi. Alitaka kujua friji ya chanjo huachwa wazi kwa muda gani kwa kawaida, na hakumwamini mtu yeyote amwambie. Alichukua kiti akaketi kando ya friji ile asubuhi nzima, mikono mapajani, akitazama. Muuguzi wa zamu alivumilia, akavumilia, kisha akageuka.

"Madam, umetumwa kunichunga?"

"Hapana. Endelea tu."

"Nitaendeleaje na umenitolea macho hivyo? Kama kuna dawa imepotea, sema."

"Mama, hakuna dawa imepotea. Mimi nachunga mlango."

Muuguzi hakuridhika. Alienda kumshtaki kwa mkuu wa wauguzi, na Madam akaitwa kujieleza, akajieleza vibaya, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema nusu ya jambo na kudhani umeona nusu nyingine. Mwishowe aliomba msamaha kwa njia yake, kwa kumpelekea yule muuguzi samaki aliyekaangwa, amefungwa kwenye gazeti. Wakawa marafiki. Kengele ya friji ile ikawa inalia mara chache sana, na ilipolia watu walienda.

Sifa hakutoa. Ukifanya kazi nzuri alisema "haya" na kuondoka. Ukiharibu alikuita pembeni, akakuuliza ulikuwa unafikiria nini, na akangoja jibu kweli. Wengine waliona heri watukanwe kama jenereta.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa mochari. Tulikuwa na vyumba viwili vya baridi nyuma ya jengo, kila kimoja na mashine yake ya kupoza. Tulipofika hapo kwenye kupanga kengele, mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameketi nasi, na akasema hiyo iwekwe daraja la chini, ionekane tu kwenye kompyuta, mtu ataiona akiingia kazini.

"Hapana," Madam akasema. "Hiyo ni ya juu. Pamoja na oksijeni."

"Madam, wale hawana haraka."

"Watu wao wanayo."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo. "Sasa nikuulize. Fundi wa zamu ni mmoja. Anashughulikia oksijeni ya mtu aliye hai, simu inalia ya mochari. Unataka aache?"

Madam akazungusha kalamu mezani. Kisha akasema, "Basi fundi asipigiwe. Nipigiwe mimi. Mimi ndiye nitajua nimtoe nani wapi."

Hivyo ndivyo jina lake lilivyoandikwa la kwanza kwenye kanuni ya kengele ya mochari, na ikakaa hivyo. Wengine walicheka, wakisema Madam anataka kupigiwa simu na wafu. Mimi nilimuuliza sababu siku moja tukiwa juu ya paa tunasafisha sensa ya tangi. Hakuinua kichwa. Alisema mama yake alifia mbali na nyumbani, na walipoletewa sanduku waliambiwa wasilifungue kwa sababu mahali alipowekwa stima ilikuwa imekatika. "Tukazika tu sanduku," akasema. "Nipe hiyo spana."

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume, mwalimu wa sekondari. Tulimjua kwa kumwona. Siku zingine alikuja kumchukua mamake jioni, akasimama pale getini akipiga hadithi na walinzi, na Madam alimwacha angoje kama alivyomwacha kila mtu.

Kijana huyo alikufa barabarani akitoka kazini kwake. Gari lilihama upande wake wa barabara. Waliomwokota walimleta kwetu kwa sababu sisi ndio tulikuwa karibu, na alipofikishwa hakukuwa na la kufanya. Aliwekwa katika chumba cha kwanza.

Nilienda West Indies na wenzangu jioni ya maombi. Nyumba ilijaa, viti vilikuwa hadi nje, wamama wa kanisa walikuwa jikoni. Madam alikuwa ameketi kwenye kochi katikati ya dada zake, amefunga leso kichwani. Nilimpa mkono. Nilitafuta neno la pole, nikapata la kazi.

"Madam, ile kengele ya mochari. Nitoe jina lako kwa muda? Niweke langu?"

Akanitazama. Hakukasirika.

"Kwani ni mimi nimekufa?" akasema. "Wacha hapo."

Nikaliacha.

Siku moja kabla ya safari ya kumpeleka mwanawe ziwani, mchana, mvua kubwa ilikuja na radi. Stima ikakatika, jenereta likawaka, stima ikarudi, ikakatika tena. Nilikuwa ofisini. Nyekundu ikatokea kwenye kompyuta, mochari, chumba cha kwanza, joto linapanda, subira imekwisha. Nilisimama kuchukua vifaa. Kabla sijafika mlangoni rangi ikabadilika kuwa njano, maana yake mtu ameipokea. Nikarudi kuangalia. Jina lililoandikwa hapo lilikuwa lake. Nilifikiri ameshikiwa simu na dada yake. Kisha simu yangu ikalia.

"Fundi, uko wapi?"

"Naenda mochari, Madam. Niko njiani."

"Ni mashine ya kwanza ama ya pili?"

"Ya kwanza."

Nilisikia watu nyuma yake wakiimba. Wimbo ukafika mwisho wa ubeti, ukaanza mwingine.

"Chumba cha pili kina nafasi?" akauliza.

"Iko."

"Wahamise. Wote. Halafu ndio utengeneze."

"Sawa, Madam."

"Na usianze na wangu. Fuata mstari vile wamelala."

Akakata.

Tuliwahamisha, mimi na mhudumu wa mochari, mzee mmoja mtulivu aliyekuwa akiwaambia "pole" kila mmoja alipomwinua. Hakukuwa na machela ya magurudumu, ilikuwa imepelekwa wodini, basi tulibeba kwa mikono. Tulifuata mstari. Tulipofika kwa mtoto wa Madam, mhudumu alisema "pole, mwalimu," tukambeba, tukamweka upande ule mwingine, tukarudi kuchukua aliyefuata. Watu wameniuliza nilihisi nini. Nilihisi baridi ya vidole. Nilihisi sakafu ina maji na nisiteleze. Zaidi ya hapo ningekuwa naongeza.

Nilikuwa nimefungua mashine, nimepata swichi iliyoungua, wakati kivuli kilipoziba mlango. Madam alikuwa amekuja kwa mguu katika mvua, na wamama wawili wa kanisa na mwavuli mmoja. Alivaa nguo nyeusi na gambuti zake. Wamama walibaki nje. Yeye alisimama karibu nami, akatazama ndani ya mashine.

"Ni swichi?"

"Ni swichi."

"Stoo kuna nyingine. Rafu ya juu."

"Nimeileta, Madam."

"Haya."

Aliokota bisibisi niliyokuwa nimeiangusha, akanipa. Nilifunga swichi mpya. Mashine ikanguruma. Tukasimama tukitazama kipimo, wawili, kama tulivyokuwa tumesimama mbele ya vipimo miaka yote ile.

"Inasuka?" akauliza.

"Inashuka, Madam."

Hakuangalia chumba cha pili. Mlango wake ulikuwa mkabala naye, ungeugusa ukinyosha mkono. Mama mmoja akaita kutoka nje, "Mama, twende, utalowa." Akaenda.

Tulizika ziwani. Mimi nilienda na basi la hospitali. Sanduku lilifunguliwa, watu wakapita kuaga, na alikuwa vizuri, kila mtu alisema alikuwa vizuri kama aliyelala. Madam alipita kama wengine, hakukawia, akampisha aliyefuata. Wamama waliokuwa tayari kumshika akianguka hawakupata la kushika.

Alirudi kazini mapema kuliko ruhusa yake. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua kanuni ya mochari na kuniuliza kama subira yake haikuwa ndefu mno. Tukaipunguza. Tulimngojea avunjike. Wauguzi walimngojea, mkurugenzi alimngojea, yule wa samaki alikuwa akipita ofisini kila siku na kisingizio kipya. Hakuvunjika. Alichelewa asubuhi, akauliza kuna sida gani, akafuta kengele zisizo na mtu. Kilichokosekana ni ile sauti ya pili. Hakuivumisha tena, na ofisi ikawa na kimya ambacho ilituchukua muda kujua kinatoka wapi.

Mimi pia nilingoja kitu kinipate. Nilikuwa nikirudi nyumbani Yamumbi, nikala, nikalala, nikaamka. Chakula kilikuwa na ladha ileile. Mke wangu aliuliza kama niko sawa nikasema niko sawa, na haikuwa uongo. Hakukuwa na kitu pale cha kukisema.

Alipofika umri wa kustaafu alistaafu. Tulimnunulia keki, akaikata vipande vikubwa visivyolingana. Watu walidhani atarudi ziwani. Badala yake alihamia Plateau, nje ya Eldoret, alikokuwa na shamba dogo na nyumba ya mabati. Aliyemuuliza kwa nini alijibiwa, "Nyumbani kuna kaburi. Nitalifikia tu."

Sikumwona kwa muda mrefu baada ya hapo. Kisha mwaka huu, msimu wa kuvuna mahindi, jamaa yangu mmoja mwenye kinu cha kusaga pale Plateau aliniita nimtazamie mota. Nilipomaliza nikauliza anapokaa yule mama mrefu kutoka hospitali, na wakanionyesha.

Nilimkuta uani, amepungua mwili, anageuza mahindi kwenye turubai kwa mguu mtupu. Alinitambua mara moja. Hakuniuliza habari ya hospitali, wala mitambo, wala nani ameketi kwenye kiti chake. Ni mimi nilikuwa nimeketi, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Aliniuliza kama watoto wanasoma. Akaniletea chai. Tulikunywa tukitazama mahindi.

Mawingu yakaja upande wa Kaptagat, kama yanavyokuja huku, bila kuuliza. Akainuka. "Fundi, sika." Tukakunja turubai, tukajaza magunia kwa karai, upesi, matone ya kwanza yakianza kupiga. Gunia la mwisho lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mimi nilishika upande wa juu, yeye wa chini, tukalipeleka barazani kwa hatua fupifupi, tukalitua. Yeye alibaki ameinama, mikono bado kwenye gunia.

"Ni wewe ulimbeba?" akasema.

Sikuhitaji kuuliza nani.

"Ni mimi, Madam. Mimi na yule mzee."

"Ulibeba upande gani?"

"Wa mabega."

"Alikuwa mzito?"

Nilifikiri nimwambie hapana. Watu husema hapana.

"Alikuwa mzito sana," nikasema. "Tulimweka chini katikati, tukapumzika, tukamwinua tena."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu la swali alilolituma mbali sana. Akaketi juu ya gunia. Mvua ilikuwa imeshaanza kwenye mabati na ilibidi ainue sauti.

"Mimi alikuwa ananienea hapa," akasema, na akanyosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu, akanionyesha kwa mkono ule mwingine, kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. "Kichwa hapa. Miguu hapa."

Kisha mvua ikazidi, hatukuweza kusikizana tena. Niliketi kando yake juu ya gunia. Hakuushusha ule mkono. Alikaa akiutazama, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikaona kwamba macho yangu hayaoni tena ua wa nyumba vizuri.